Mayu, Pamba Ilikataa Rangi

Mayu,

Mwangaluka, mama yangu. Nina habari nyingi mpaka sijui nianze na ipi, na wewe ulizoea kuniambia nivute pumzi kwanza ndipo niongee. Basi nimevuta. Nimekaa sebuleni kwetu hapa Somanda, chini kwenye mkeka, mgongo wangu umeegemea kochi, na kochi limevaa. Nalirudia ili ulisikie vizuri. Kochi limevaa, Mayu.

Ngoja niipange habari kama mwalimu wetu wa Kiswahili anavyotaka, mwanzo kwanza.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kugawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Vitenge havikuleta shida. Vilivyoleta shida ni vitambaa vya makochi ulivyodarizi kwa mkono wako. Watu waligombania kwa upole, vile watu wa msibani wanavyogombania, kila mmoja anamwambia mwenzake "chukua wewe" huku yeye ndiye ameshika. Mwisho Sengi, dada yake Baba, akaondoka na vya tausi na vya waridi kwenda kwake Nassa. Mama Mdogo akarudi Kiloleli na vile vya Krismasi, vyenye matumba ya pamba yaliyopasuka. Sikuwalaumu hata siku moja. Kila mtu alitaka kitu kilichopita mikononi mwako. Lakini walipoondoka, makochi yakabaki na ule mpira wake wa kahawia unaoiga ngozi na mishono iliyofumuka, na sebule ikawa mahali pa kupita tu. Baba akaanza kulia chakula uani. Minza, unamjua mdogo wangu hana akiba ya maneno, akaniuliza mbele za watu kwa nini makochi yetu yamevuliwa nguo.

Tukakaa hivyo mpaka mvua za vuli. Ndipo mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani akaja kutukumbusha kwamba sala ya Krismasi mwaka huu ni zamu yetu. Zamu yako, Mayu. Ile uliyoisubiri tangu tuhamie mjini, ukawa unahesabu nyumba zilizobaki kila tukitoka kusali kwa watu. Ulisema siku ikifika kwetu, watu watakula mpaka wafungue mikanda. Ikafika, na wewe haupo.

Baba alimshukuru mwenyekiti vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akasema atampigia simu aipeleke zamu kwa Mama Bahati jirani, nasi tuungane nao huko. Nikamuuliza kwa nini. Akaonyesha sebule kwa kidevu.

"Nyumba iko uchi, Kabula. Siwezi kukalisha watu kwenye nyumba iliyo uchi."

Nilijua kwamba tukiiachia zamu mwaka huu, mwaka ujao tutakuwa tumeshazoea kuwa watu wasiotembelewa. Nimeona nyumba za namna hiyo. Nikamwomba anipe muda. Baba alinitazama kama ananipima urefu, kisha akasema kama makochi yatakuwa yamevaa kufikia Jumapili ya mwisho ya Majilio, wageni waje. Yasipovaa, atapiga simu jioni hiyohiyo, na nisinung'unike. Nikakubali kabla hajabadili mawazo.

Utauliza kwa nini sikudarizi. Nilijaribu, Mayu. Ulinifundisha mshono wa mnyororo na ule wa kujaza, hatukufika mbali zaidi. Nikadarizi tausi. Minza akampongeza kuku wangu. Na hata ningekuwa na mkono wako, seti moja ilikuchukua msimu mzima, kuanzia palizi mpaka mavuno.

Basi nikaenda kwa Da' Leti. Unamkumbuka Leticia, yule dada mrefu mwenye steshenari upande wa kwenda hospitali, anayetoa fotokopi na kuchapa picha kwenye fulana na vikombe. Lazima nikuambie jambo moja hapa. Mashine yake ndiyo iliyochapa sura yako kwenye fulana tulizovaa siku ya mazishi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikifika karibu na duka lile, navuka barabara. Sikutaka kuiona mashine. Siku ile sikuvuka. Niliingia, nikamsalimia, nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikamwomba nimsaidie kazi likizo yote, kufagia, kukata karatasi, kupanga foleni ya watu wa fotokopi, naye anifundishe kuchapa vitambaa vya makochi. Alinisikiliza huku anahesabu kurasa za mtu mwingine. Kisha akanisogezea ufagio. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Mayu, ungeiona kazi yenyewe. Picha inatengenezwa kwenye kompyuta, inatolewa kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, na inatoka imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Pale kwenye karatasi ni mbaya kabisa. Nyekundu inafanana na tofali, kijani kinafanana na matope. Mara ya kwanza nilidhani wino umeharibika, nikanyamaza kwa adabu. Kisha unailaza karatasi juu ya kitambaa, uso kwa uso, unaibana kwa utepe usioyeyuka, unafunika, unashusha kifuniko cha mashine. Kifuniko ni cha moto kuliko pasi yoyote niliyowahi kushika. Unasubiri kidogo, mashine inalia kama kifaranga, unainua, unabandua karatasi. Na rangi zote zimeamka. Ile tofali imekuwa nyekundu ya waridi. Yale matope yamekuwa majani mabichi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na mteja mmoja akauliza kama huyu mtoto ni mzima.

Sikupatia mara moja. Siku ya kwanza niliweka karatasi uso ukiwa juu, rangi yote ikaingia kwenye kile kitambaa cha kufunikia, na mpaka leo kina tausi. Da' Leti akasema, "Mnasomeshwa mpaka kidato cha tatu, bado hamjui mbele na nyuma." Alisema hivyo hata kwa wateja, wiki nzima. Lakini alikuwa anacheka.

Sasa nilihitaji picha zako. Nikampigia Sengi simu. Alidhani nataka kitambaa chenyewe, sauti ikabadilika. "Picha nitakutumia, lakini kitambaa sirudishi hata aje mwenyekiti wa kijiji." Nikamwambia picha inatosha. Kumbe tausi wako anaishi juu ya televisheni yake, na ilibidi amwombe jirani mwenye simu nzuri aje kumpiga picha pamoja na waridi, na jirani akataka na yeye aonekane. Mama Mdogo yeye alifua vitambaa kwanza, akavipiga pasi, akavianika juu ya kitanda cheupe, kisha akanitumia picha pamoja na ujumbe wa sauti ambao nusu ni maelekezo na nusu ni kulia. Nimeuhifadhi.

Nilipoweka matumba ya pamba kwenye kompyuta ya Da' Leti na kuyakuza, nikaona kila uzi. Nikaona mahali ulipochoka ukaweka mishono mirefu. Nikaona mahali uliporudia. Da' Leti akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasema ulikuwa na mkono mtulivu.

Nikamuuliza nyeupe ya pamba tutaichapa kwa wino gani, maana kwenye mashine niliona chupa za rangi nyingine zote. Akasema mashine hii haina nyeupe. Nyeupe huwa ni kitambaa chenyewe. Unachapa majani, unachapa vikonyo, unachapa anga nyuma yake, na pale palipo na pamba unapaacha wazi. Nilikaa nikilifikiria hilo muda mrefu, Mayu, mpaka akaniuliza kama nimelala.

Hapo ndipo Bibi alipowasili.

Unamjua mama mkwe wako. Alikuja kutoka kijijini kwa ajili ya Krismasi akiwa na kuku, unga, na jora la marekani, ile pamba tupu isiyotiwa rangi, maana Baba alimwambia kwamba mjukuu wake anatafuta vitambaa. Nikamshukuru kwa magoti. Nikamwonyesha kitambaa ambacho Da' Leti anatumia, poliesta nyeupe, laini, inayoteleza. Bibi akaisugua kwa vidole viwili, akainusa, akaniangalia kwa huruma.

"Ng'wanone, mwanangu, huu ni mfuko wa mbolea."

Nikamweleza kwamba Da' Leti amesema wino huu unataka poliesta, pamba hauipendi. Bibi akacheka mpaka akakaa. Akauliza tangu lini pamba ikakataa rangi. Khanga aliyovaa ni nini? Kitenge changu ni nini? Akaeleza kwamba yeye amelima pamba tangu akiwa binti, mumewe alilima pamba, nyumba hii imejengwa kwa pamba, Baba amesomeshwa kwa pamba, na leo jumuiya nzima ije kukalia plastiki huku wenye nyumba ni wakulima wa pamba? Watu watasema nini? Na akashuku kwamba Da' Leti anataka tu kuuza kitambaa chake.

Nitakuambia ukweli, Mayu. Nami niliona ana hoja. Khanga ni pamba, na khanga ina rangi. Sisi watu wa huku mtu akituambia pamba haiwezi jambo fulani, tunasikia kama ametukana ukoo. Da' Leti alituonya tena kwa sauti ya kawaida, akaona Bibi amekunja mikono, akasema sawa, mashine ni hiyo. Alijua, nadhani, kwamba kuna watu wasioambiwa.

Tukachapa marekani yote. Tausi, waridi, pamba, na pembe za kitambaa cha meza. Tukamaliza karatasi zote maalumu zilizokuwepo dukani. Picha zilitoka zimefifia kidogo, kama nguo iliyokwisha kuvaliwa, lakini zilionekana, na Bibi alitembea barabara nzima akiwa amezibeba kichwani na kuwasalimia hata watu asiowajua. Nyumbani akafanya kile ambacho mwanamke yeyote makini hufanya na kitambaa kipya. Marekani ina wanga wa dukani, haitumiki bila kufuliwa. Akaviloweka kwenye beseni na sabuni ya mche, akavifikicha vizuri, kwa upendo kabisa.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kimya. Bibi akifua huwa anaimba, na wimbo ulikuwa umekatika. Nikatoka. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na Bibi ameinua kitambaa kwa ncha zake mbili, anamtafuta tausi. Hakuwepo. Palikuwa na kivuli tu, kama doa la chai. Tukavianika hivyohivyo, kimojakimoja, kamba nzima. Minza akaja akauliza ni vya nani hivyo vilivyochafuka. Nilimtuma dukani ingawa sikuwa na cha kumtuma.

Baba alirudi, akapita karibu na ile kamba, akasimama. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya mwenyekiti.

Bibi alikuwa bado ameinama kwenye beseni. Hakuinuka. Alisema tu, "Weka simu, baba. Jumapili haijafika. Na aliyeharibu ni mimi, mtoto aliambiwa ukweli akanifuata mimi."

Sijawahi kumsikia Bibi akisema hivyo kwa mtu yeyote, na Baba naye nadhani hajawahi. Akarudisha simu mfukoni.

Kesho yake Bibi akajifunga khanga mbili, tukapanda bodaboda sote, mimi katikati, mpaka kwa Da' Leti. Nilitegemea ataomba msamaha. Hakuomba. Alisema amekuja kuelezwa. Da' Leti akamwekea kiti, akamweleza taratibu, bila kejeli hata moja: wino huu ukipata moto haumiminiki, unakuwa mvuke. Uzi wa poliesta nao ukipata moto unajifungua, mvuke unaingia ndani, kikipoa uzi unajifunga na rangi imefungiwa humo. Uzi wa pamba haujifungui. Mvuke unakaa nje, kama mgeni aliyebisha hodi na hakuna aliyeitika, na maji yakija yanauondoa. Zile za khanga ni rangi za namna nyingine, zina viwanda vyake.

Bibi akasema anataka kuona. Da' Leti alikuwa na kipande kimoja cha karatasi chenye ua, mabaki ya kazi ya mtu. Akakibana kwenye kipande cha poliesta, ua likawaka. Bibi akakinyakua kingali na moto, akaomba maji na sabuni, akakifua palepale mlangoni mbele ya wateja. Akakifikicha kwa ngumi, akakisugua kwenye sakafu ya saruji, akakikamua kama ana ugomvi nacho. Akakikunjua. Ua lilikuwa linamtazama.

"Hee," akasema. "Kumbe mfuko wa mbolea una msimamo."

Duka zima lilicheka, Mayu. Mtu wa fotokopi alisahau karatasi zake. Hata mimi niliyekuwa nimekesha nikilia moyoni nilicheka mpaka nikashika meza.

Lakini hakuondoka bila sharti. Alisema uso wa mto uwe wa hicho kitambaa cha kisasa, sawa, amekubali kushindwa na macho yake. Ila mgongo wa mto utakuwa marekani yetu, na tumbo la mto litakuwa pamba yetu, ile ya gunia aliloliacha ghalani kwa ajili ya magodoro. Hataki sponji. Nikaona ni sharti zuri kuliko wazo langu lote la mwanzo. Kwa hiyo badala ya vitambaa vya kutandika, vile vinavyoteleza kila mtu akiinuka, tukaamua kushona mito, na kwa meza kitambaa chenye matumba ya pamba kwenye pembe zake zote.

Karatasi mpya zilitoka Mwanza kwa basi. Kuzisubiri ndiko kulikonifundisha maana ya Majilio kuliko mafundisho ya kipaimara yote. Kila basi lilipopiga honi nilitoka nje. Nyumbani nako Bibi alikaa uani na majirani wanatoa mbegu kwenye pamba kwa vidole, mbegu kwenye sahani, nyuzi kwenye kapu, wanasengenya bila kusimama. Minza alikuwa na pamba mpaka kwenye nyusi. Mama Bahati, yule ambaye zamu ingehamia kwake, naye alikuja kusaidia, na akasema amefurahi sana kupona, maana nyumba yake ina viti vya plastiki vitatu na kimoja kimevunjika mguu.

Na cherehani yako, Mayu. Ilikuwa imekaza kabisa, haijaguswa tangu ulipougua. Nilikuwa nimejiandaa kushona kwa mkono. Asubuhi moja nikasikia mlio wake, ule wa taka taka taka, nikaganda kitandani. Nilijua si wewe. Nilijua, lakini niliganda. Nikatoka nikamkuta Baba ameipindua, anaitia mafuta kwa unyoya wa kuku, anazungusha gurudumu anasikiliza. Aliponiona akainuka. Aliniachia kiti.

Karatasi zikaja. Siku ile ya kuchapa ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu, naomba usinikasirikie kusema hivyo. Da' Leti alinipa mashine, yeye akakaa pembeni na simu yake kama mtu asiyejali, lakini kila nilipoinua kifuniko aliinua na kichwa. Kwanza nilikibana kitambaa kitupu kidogo ili unyevu utoke. Nilikisafisha vumbi, maana hata unywele mmoja huacha mstari. Kisha tausi. Kisha waridi. Umeme ulikatika katikati ya tausi wa pili, nikataka kufungua kwa hofu, Da' Leti akasema nisiguse, joto lililobaki litamaliza kazi lenyewe. Likamaliza. Yule tausi ametoka na mkia uliopauka kidogo, nikasema huyo ni mzee wa ukoo. Mwishowe nikachapa pamba. Nilipobandua karatasi, majani yalikuwa kijani, anga lilikuwa la buluu ya asubuhi, na katikati pale ambapo sikuchapa kitu chochote, matumba yako yalikuwa meupe, yamejaa, kama yanasubiri kuvunwa. Nikakumbatia kitambaa kikiwa na moto. Nina alama ndogo kwenye mkono, imeshapona.

Nilishona Ijumaa na Jumamosi, Bibi akijaza pamba na kunikosoa. Jumapili tulipotoka kanisani nilikimbia mbele nikapanga mito, nikatandika meza, nikasimama ukutani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Baba aliingia. Hakukaa. Alizunguka makochi taratibu kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. Akauchukua mto mmoja wa waridi, akausogeza dirishani penye mwanga. Kwenye waridi lile kuna jani moja la buluu kati ya majani ya kijani. Da' Leti alitaka kulibadilisha kwenye kompyuta, akasema ni kubofya mara moja tu. Nilikataa, na nilipoulizwa sababu sikuwa nayo. Baba aliliwekea kidole.

"Hili jani ni langu," akasema. Akaeleza kwamba mlipokuwa mmeoana karibuni ulimtuma sokoni akununulie uzi wa kijani, akarudi na wa buluu, akabisha kwamba ni kijani, akaendelea kubisha mpaka ukaamua kuudarizi ili kila mgeni atakayekaa aseme mwenyewe. Wageni wote walisema ni buluu. Alikuwa anacheka, Mayu. Kisha akawa hacheki, akauweka uso wake kwenye ule mto, akakaa hivyo. Bibi alimchukua Minza wakatoka nje. Mimi nilibaki, sikujua kama nibaki au nitoke, nikabaki.

Alipoinua uso akasema, "Waambie waje."

Basi walikuja. Jumuiya nzima, na watoto wao, na watu ambao si wa jumuiya. Sala ilisaliwa, jina lako likatajwa kwa utulivu, wimbo ukaimbwa mpaka mabati yakatetemeka. Watu walikula. Hakuna aliyefungua mkanda, lakini Mama Bahati alilegeza khanga yake waziwazi, nikaona ahadi yako imetimia kadiri inavyowezekana. Mtoto mmoja alimwaga soda nyekundu juu ya tausi, mama yake akashika mdomo. Bibi akasema kwa sauti ya mtaalamu, "Futeni tu. Rangi hiyo haitoki, nimeipiga mimi mwenyewe." Baada ya hapo kila mtu alitaka kuelezwa, na Bibi ndiye aliyeeleza habari za mvuke na uzi unaojifungua, kana kwamba mashine ameiunda yeye. Mwenyekiti aliniuliza kama naweza kumtengenezea binti yake seti kwa ajili ya kipaimara. Nilimwambia nitaongea na Da' Leti. Moyoni nilikuwa nimeshachagua maua.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kile kiti chako cha karibu na mlango wa jikoni, hakuna aliyekikalia tangu uondoke. Hatukupanga, ilitokea tu. Hata Minza alikuwa anakizunguka. Nilikiwekea mto wa pamba kama vingine, nikidhani kitabaki hivyo, kama kwa heshima. Siku ya Krismasi akaja bibi mmoja wa nyumba za nyuma, mgeni mtaani, hakujua. Alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua. Akakiona kiti, akajishusha juu yake kwa uzito wote, akajiegemeza kwenye mto, akasema "Aaah" kama mtu aliyetua mzigo. Nilimwangalia Baba. Baba aliniangalia. Nikasubiri kukasirika, Mayu, nikasubiri kabisa. Sikukasirika. Nikaenda jikoni nikamletea chai.

Jioni walipokwisha kuondoka, Bibi alitaka kuipigapiga mito irudi kuwa ya mviringo. Pamba haifanyi kama sponji, mtu akiikalia inakumbuka. Nikamwomba aiache mpaka kesho. Kila mto ulikuwa na shimo la mtu, na wa kwenye kiti chako ndio uliokuwa na shimo kubwa kuliko yote.

Nakuahidi hivi. Makochi haya hayatavuliwa tena. Mshono wa kujaza nitaumaliza, nitamwomba Sengi anifundishe ule wa mkia wa tausi, na mlango wa sebule utakuwa wazi mtu akibisha, hata kama mimi ndiye peke yangu niliyepo nyumbani.

Wabeja, Mayu, asante kwa yote. Pumzika sasa. Wageni wako wamekaa.

Mwanao,
Kabula